Zulia, Unyevu na Pumu: Mashine Ipi Yafaa Nyumbani?

Mwezi wa Mei mmoja, masika yakiwa yamepamba moto, tuliitwa na familia moja ya hapa Lushoto tukaone jambo lililokuwa likiwasumbua. Baba wa familia alikuwa amenunua mashine ya kufulia mazulia, iliyotumika, akalifua zulia la manyoya lililotandikwa sebule nzima. Zulia liling'aa. Lakini siku ya tatu lilikuwa bado linalowesha soksi, na juma lililofuata sebule ilinuka kama gunia la viazi lililosahauliwa stoo. Mtoto wao wa miaka saba, mwenye pumu, alikuwa hajabanwa kifua tangu Krismasi. Juma lile alibanwa usiku mara mbili. Wazazi walituuliza kama sabuni ndiyo iliyomdhuru.

Tulibonyeza zulia kwa karatasi nyeupe ya chooni, ikalowa mara moja. Mashine ilikuwa imemwaga maji mengi na kuyavuta machache.

Mpendwa msomaji, yafaa tueleze kwanza kinachoishi ndani ya zulia. Mna viumbe wadogo jamii ya utitiri, waitwao utitiri wa vumbi, wenye urefu wa kama theluthi moja ya milimita, kwa hiyo ni vigumu mno kuwaona kwa macho. Hawaumi wala hawanyonyi damu kama utitiri wa kuku. Chakula chao ni vipande vidogo vya ngozi vinavyotupukutika kila siku. Shida hasa huletwa na kinyesi chao, kinachopanda hewani watoto wanapocheza sakafuni na ambacho kwa wenye pumu wengi huamsha ugonjwa. Wataalamu wa Leiden, huko Uholanzi, ndio waliolionyesha jambo hili katika miaka ya 1960.

Utitiri hawa hawanywi maji, bali hufyonza unyevu ulio hewani, na hewa ikiwa kavu kwa muda mrefu hufa. Kwa muda mrefu wagonjwa wa pumu wa Ulaya wamekuwa wakipelekwa Davos, mji wa milimani nchini Uswisi ulio mita 1,560 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa yake ni kavu. Mji wetu wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, kimo kinachokaribiana na hicho. Lakini nani kati yetu atasema hewa yetu ni kavu, wakati ukungu wa Magamba huingia hadi chumbani? Tena Kiswahili kina haki ya kutumia neno hilo hilo kwa mambo mawili, kwani ukungu wa nje huleta ukungu wa ndani, yaani ile kuvu inayoota juu ya mkate na nguo mbichi. Zulia lililolowa na lisikauke katika saa 24 hadi 48 ni shamba lake, na kuvu nayo huwabana kifua wenye pumu.

Kwa hiyo anayetaka kununua mashine kwa ajili ya nyumba za Lushoto, Soni, Mlalo au Shume asiulize kwanza inafua vizuri kiasi gani. Aulize inanyonya kiasi gani.

Mashine hizi zipo za namna mbalimbali. Iko ya kuvuta vumbi tu, isiyotumia maji. Iko ya brashi, inayosugua kwa povu. Povu likikauka unalivuta kwa mashine ya vumbi. Na iko ile inayonyunyiza maji yenye sabuni na kuyanyonya papo hapo, yenye matangi mawili, moja la maji safi na jingine la machafu. Hii ya tatu ndiyo watu wengi huitamani, na ikiwa na nguvu ni nzuri kweli. Ikiwa dhaifu, kwa hewa yetu ni hatari kuliko kutokuwa na mashine.

Dukani omba uonyeshwe ikifanya kazi. Mwaga lita moja ya maji juu ya kipande cha zulia, nyonya, kisha pima kilichorudi katika tangi la maji machafu. Kikirudi kidogo, shukuru na uondoke. Tazama pia kama mpira wa kunyonyea una nyufa, kama tangi linafunga sawasawa, na kama kuna kichwa kidogo cha mkononi cha kusafishia makochi na godoro. Inyanyue ikiwa imejaa maji, maana lita tano pekee ni kilo tano juu ya uzito wa mashine, na nyumba zetu nyingi zina ngazi.

Umeme nao una mambo yake. Wengi hupata mashine kama zawadi kutoka kwa ndugu walio ng'ambo. Zinazotoka Uingereza au Dubai huendana na umeme wetu wa volti 230. Za Marekani hutumia volti 120. Sisi wenyewe tuliwahi kuchomeka moja ya namna hiyo bila kusoma kibandiko, ikanguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza. Transfoma yaweza kusaidia ikiwa inabeba wati zaidi ya zile za mashine, lakini ni nzito na ni gharama nyingine. Mashine ya wati 1,200 ikifanya kazi saa moja hula uniti 1.2 za LUKU, kiasi ambacho si cha kutisha, ila jenereta ndogo ya wati 1,000 haitaiweza. Usiunganishe nyaya zikapita kwenye maji, na usishike plagi kwa mikono iliyolowa.

Kuhusu sabuni, tumia ile yenye povu dogo iliyotengenezwa kwa mashine. Sabuni ya unga ya kufulia nguo hujaza tangi povu, povu likafika kwenye mota. Kisha inayobaki katika manyoya hunata, na vumbi likarudi upesi kuliko mwanzo. Usichanganye kamwe Jik na siki au dawa kali ya chooni, kwa kuwa hutoa hewa ya klorini yenye sumu kwa kila mtu, sembuse mwenye pumu.

Viroboto

Katika wilaya yetu hatuwezi kuzungumza juu ya sakafu tukawaacha viroboto. Tangu mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 Lushoto ilisumbuliwa na tauni, na maelfu ya watu waliugua. Wazee wanakumbuka. Viroboto hutaga mayai ambayo huanguka katika zulia, mikeka na nyufa za sakafu, na buu akishajifunika kifuko chake aweza kungoja humo majuma mengi. Kuosha mara moja hakuwamalizi. Vuta vumbi kwanza, rudia baada ya juma moja, kisha tena, na mfuko wa vumbi ukaufunge na kuuchoma nje. Ukikuta panya waliokufa ndani au karibu na nyumba, usiwashike. Toa taarifa kituo cha afya.

Wenye mazulia ya katani, fahari ya mashamba ya chini kule Korogwe, wasiyaoshe kwa maji hata kidogo. Katani hunywa maji, hujikunja na kuacha madoa. Yang'uteni juani, inatosha.

Ile familia ya Mei tuliishauri wang'oe zulia, walianike, na wamwone daktari bila kumkatiza mtoto dawa yake ya kuvuta. Kikohozi kinachofikisha majuma mawili hupimwa hospitali kwa sababu ya kifua kikuu, wala hakilaumiwi zulia tu. Moshi wa jikoni nao tuliutaja, kwa kuwa jiko la kuni lilikuwa hatua tatu tu kutoka sebuleni.

Zulia lilipokauka baba alilikata vipande vinne vinavyobebeka na watu wawili. Sasa sakafu ya saruji hudekiwa kila siku, na vipande huoshwa Januari, Februari au Septemba, asubuhi ya jua, kisha hutundikwa kwenye kamba mpaka jioni. Tangu Machi hadi Mei, na katika baridi ya Juni na Julai, hawafui kabisa. Huvuta vumbi tu. Ile mashine dhaifu waliibadilisha kwa nyingine, waliyochangia na majirani wawili wa jumuiya yao. Wana daftari la zamu, na anayeirudisha lazima awe ameiosha brashi kwa maji ya moto na kuliacha tangi wazi likauke.