Kifua Kikuu Kisichokohoa

Kakuyuni, kwenye barabara itokayo Malindi kupitia Ganda kuelekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, mgongo kuuma si habari. Ni nchi ya jembe na ya kubeba: mahindi, kuni, magunia ya makaa, madumu ya maji. Anayelalamikia kiuno huambiwa apumzike, akandwe kwa maji ya moto, anywe dawa ya maumivu ya dukani. Mara nyingi hiyo hutosha. Hofu yangu ni kwa yule ambaye haimtoshi, na bado anaambiwa avumilie.

Bakteria wa kifua kikuu huingia kwa pumzi, lakini si lazima wabaki mapafuni. Husafiri na damu hadi kwenye pingili za uti wa mgongo, hasa za kifuani chini na za mwanzo wa kiuno, na kuzila polepole kwa miezi. Sehemu ya mbele ya pingili ikibomoka, mgongo huchomoza kibiongo. Usaha au mfupa ukiubana uti wenyewe, miguu hulegea. Percivall Pott, mpasuaji wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na alama zake zimeonekana hata katika maiti zilizokaushwa za Misri ya kale.

Kampeni zetu zimefundisha watu kukihofia kikohozi kisichoisha. Ni fundisho jema, ila limeacha pengo, kwa kuwa mgonjwa wa mgongo huenda hakohoi kabisa. Dalili zake ni maumivu yanayodumu wiki baada ya wiki, hata akiwa amelala, pengine na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Kuna na jambo jingine linalowapoteza watu wengi njia. Usaha unaweza kushuka kwa kufuata msuli wa kiuno hadi kinenani, ukatokeza uvimbe laini usio na joto. Huku Pwani, penye mabusha na matende, uvimbe wa kinena haukosi jina: mtoki, ngiri, mshipa. Ni rahisi ukachanjwa, au hata ukapasuliwa, bila mtu kuuliza habari za mgongo.

Eksirei hospitalini husaidia, lakini mfupa hulika sana kabla picha haijaonyesha. Kwa hiyo picha safi ya mapema haimalizi maneno ikiwa maumivu yanaendelea. MRI huona mapema zaidi, ila kwa wengi ni safari ya Mombasa na gharama yake. Uthibitisho hutoka kwa sindano: usaha au kipande cha mfupa hupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo kwa takriban saa mbili hutambua bakteria na kusema kama dawa ya rifampisini itawashinda. Kwa anayechunga mifugo na kunywa maziwa mabichi, daktari huwazia pia brusela, maana nayo hushambulia mgongo. Kipimo cha VVU hakikosekani.

Zamani mgonjwa alilazwa kitandani kwa miezi, kiwiliwili kimefungwa plasta. Majaribio yaliyoanza miaka ya 1960 huko Masan na Pusan, Korea, yakisimamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliuvunja utaratibu huo: waliokuwa bado wanatembea walipona kwa dawa wakiwa nyumbani sawa na waliolazwa, na plasta haikuongeza kitu. Kwa mwanakijiji wa Kakuyuni hili ni jambo kubwa. Hakuna haja ya kuacha shamba na watoto ili kulala wodini, mradi awahi kabla miguu haijalegea.

Kenya hutoa dawa hizi bila malipo: aina nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 10. Mkojo huwa wa rangi ya machungwa, na hilo si la kuogopesha. Macho yakigeuka manjano ndipo arudi kliniki haraka. Mtihani ni mwezi wa tatu au wa nne, maumivu yakishapoa, nauli ya bodaboda ikianza kuonekana ya bure. Hapo ndipo mhudumu wa afya wa jamii anapohitajika mlangoni.

Upasuaji huwafaa wachache: ambao miguu inazidi kudhoofu licha ya dawa, au ambao pingili zao zimelegea na mgongo unazidi kupinda. Mtoto huangaliwa hata akishamaliza dawa, kwa sababu kibiongo chake kinaweza kuendelea kupinda kadiri anavyokua, ingawa bakteria wamekwisha kufa.