Shabani Nonda ni wa nani?

Ndugu wafanyakazi, likitajwa jina la Shabani Nonda wakati wa mapumziko, chakula hupoa. Sisi wa Bujumbura twasema ni wetu. Alizaliwa hapa mwaka 1977, akachezea Vital'O, kisha akaenda Yanga ya Dar es Salaam, Afrika Kusini, Uswisi, hadi Ufaransa. Msimu wa 2002-2003 aliifungia Monaco magoli 26, akawa mfungaji bora wa ligi nzima.

Halafu akaumia goti vibaya. Aliyewahi kuumizwa na mashine anaijua hofu ile: je, nafasi yangu itanisubiri? Aprili 2004 akaingia toka benchi, akaifunga Chelsea goli la tatu, 3-1, nusu fainali ya Ulaya. Mpaka leo tunalisimulia.

Lakini timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo, si Intamba mu Rugamba, na baadhi yetu bado wana kinyongo. Mtusamehe, ndugu: humu kiwandani nani hana mjomba Uvira? Na nani hakufuata kazi ilipo?

Kengele hulia, nasi twarudi kazini tukibishana.