Usahaulifu wa Wazee Wetu Haujachunguzwa

Mnamo Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Sidai kwamba walikuwa wagonjwa. Ninachodai ni kwamba bibi kizee akipotea njia ya kwenda kwake, akakutwa usiku wa manane mlangoni pa watu, aghalabu ataitwa mchawi kabla hajatokea wa kumwita mgonjwa. Maradhi hayo ya usahaulifu, ambayo madaktari huyaita dimenshia, yamechunguzwa kwa uhaba mno katika nchi zetu. Kundi la watafiti lililoundwa mwaka 1998 lilijiita 10/66 kwa sababu hiyo hasa: thuluthi mbili za wagonjwa waliishi katika nchi zinazoendelea, ilhali utafiti wa kijamii uliofanyiwa huko haukufika asilimia 10.

Fedha ni haba, naam. Lakini liko tatizo jingine linalotuhusu sisi wa darasani. Kipimo kilichoenea duniani tangu 1975 humtaka mzee aandike sentensi, anakili maumbo ya pembe tano, tena aanze na mia moja akipunguza saba saba. Huulizwa hata majira ya mwaka, kana kwamba Kitui huanguka theluji! Bibi ambaye hakupata kushika kalamu atashindwa, si kwa kuwa akili imemtoka, bali kwa kuwa shule haikumfikia.

Majirani zetu wa Tanzania walishika njia nyingine. Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, walichunguzwa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Hesabu iliposawazishwa kwa umri, asilimia 6.4 walionekana kuwa na maradhi hayo. Katika kazi hiyo kikazaliwa kipimo kifupi: mzee hutaja wanyama, hukumbuka maneno aliyosomewa, kisha hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Njiti za kiberiti, ambazo hazikosi katika jiko lolote.

Limebaki suala la lugha. Tukienda Makueni au Kilifi, tutaliita nini tatizo lenyewe? Husemwa mzee "amerudi utotoni", au "ni uzee tu", na nani hupelekwa hospitalini kutibiwa uzee? Likitajwa neno "kichaa", jamaa watamficha chumbani. Mtafiti akikosea neno, atarudi na wagonjwa wachache, aandike kwamba sisi hatuugui. Wanafunzi wa isimu wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu wangeweza kuanzia hapo: wakusanye, katika lugha zao za mama, maneno ambayo watu wa nyumbani humtajia mzee aliyeanza kusahau majina ya wanawe.