Swichi ya Usalama Inapokataa Kukaa

Je, umeme wa nyumbani kwako una tabia ya kuzimika wenyewe wakati kwa jirani taa zinawaka? Unakwenda kwenye boksi la breka, unainyanyua swichi, inakaa dakika mbili, kisha inajikata tena. Nyama iko kwenye friji, nguo za watoto za Jumapili hazijapigwa pasi, na baba yuko safarini. Hapo ndipo huitwa kijana wa mtaani anayejua-jua umeme, naye huunga nyaya moja kwa moja ili swichi isisumbue tena. Umeme unawaka, kijana anapewa asante na chai. Tangu saa hiyo nyumba ile haina mlinzi.

Tunaomba, mama mpendwa, uielewe swichi hii kabla ya kuilaumu. Katika boksi zimo breka ndogo ndogo, na kila moja inalinda nyaya zake zisiungue kwa mzigo mkubwa au kwa shoti. Swichi ya usalama ni ile pana zaidi, yenye kitufe chenye herufi T. Hiyo inakulinda wewe. Hulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa waya wa nyutro. Vikitofautiana, basi kuna umeme unaovuja njiani, pengine kupitia bati la friji, ukuta wenye maji, au mwili wa mtoto. Nyingi za majumbani hujikata uvujaji unapofika miliampia 30, tena kabla ya theluthi moja ya sekunde. Taa ya zamani ya wati 60 hupitisha zaidi ya mara nane ya kiasi hicho. Ni kidogo sana, lakini umeme ukizidi hapo na kuendelea kupita kifuani waweza kuua.

Kwa wakazi wa Same mjini jambo hili lina uzito wa pekee. Mji uko chini ya milima, upande mkavu, na vumbi lake kila mpita njia analijua. Fito ya ethi iliyochomekwa katika udongo mkavu haipitishi umeme vizuri. Tuchukue mfano: upinzani wa njia hiyo ya ardhini ukiwa omu 50, umeme wa volti 230 utakaovuja hapo haufiki ampia 5. Breka ndogo ya ampia 16 haitashtuka hata kidogo, na bati la friji litabaki na umeme mchana kutwa likimngoja wa kuligusa. Swichi ya usalama hujikata mara moja. Wengine huimwagia maji fito ya ethi, na kweli husaidia, mpaka udongo ukauke tena.

Huko juu, Mbaga, Chome na Vudee, adui ni unyevu. Ukungu wa msitu wa Shengena, mlima wenye mita 2,462, huingia hata ndani ya makabati. Nyumba nyingi za huko hufungwa karibu mwaka mzima, zikafunguliwa Desemba watoto na wajukuu wanaporudi kutoka Dar es Salaam na Arusha. Koili ya birika, ya hita ya kuogea au ya jiko la umeme imejazwa unga ambao, ukikaa muda mrefu bila kupata moto, huvuta unyevu. Chomeka birika hilo mkesha wa Krismasi, na nyumba nzima inaingia giza! Si lazima liwe limekufa. Likaushwe juani siku kadhaa, kisha fundi alipime kabla halijachomekwa tena. Panya wa darini nao hawafai kusahauliwa, wala taa ya nje inayonyeshewa na mvua za masika.

Sasa, kumtafuta mkosaji. Uwe na mikono mikavu na viatu miguuni, na watoto wakae mbali. Ukisikia harufu ya kuungua, zima meni swichi na usinyanyue chochote. Kama hakuna harufu, chomoa plagi zote nyumbani. Kuzima kwenye soketi hakutoshi, kwa sababu uvujaji waweza kupita kwa waya wa nyutro ambao swichi nyingi za ukutani haziukati. Nyanyua swichi. Ikikaa, chomeka vyombo kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho chenye kosa, nacho kiwekwe kando hata kama ni pasi mpya ya zawadi ya harusi. Wakati mwingine hakuna chombo kimoja chenye kosa kubwa, bali vinne vinavyovuja kidogo kidogo, na vikijumlishwa vinafikisha kiwango. Hapo utaona swichi inaanguka kwa chombo cha mwisho, chochote kile.

Ikianguka wakati hakuna plagi hata moja, teremsha breka ndogo zote, nyanyua swichi ya usalama, kisha pandisha breka moja moja. Itakayoiangusha ndiyo yenye nyaya mbovu. Iache chini, nyumba nyingine iendelee kupata umeme. Kama haikai hata breka zote zikiwa chini, usirudie-rudie kuinyanyua.

Mpaka hapo kazi yako imekwisha. Kufungua soketi na darini ni kwa fundi mwenye leseni ya EWURA. Mweleze breka ipi, saa ngapi, mvua ilikuwepo au la. Utampunguzia kazi, na pengine gharama. Mwambie apime kinga ya nyaya na upinzani wa ethi. Akipendekeza kuiondoa swichi, mlipe nauli yake aende zake.

Na kama swichi yako haijawahi kuanguka tangu iwekwe, bonyeza kile kitufe cha T leo, kisha kila baada ya miezi mitatu. Inatakiwa ijikate papo hapo. Isipojikata, imekufa, ibadilishwe wiki hii hii.