Mwatini Hauna Deni la Kulipia Kaluvu Yako
Swali ni lile lile, litoke Mwingi, Mutomo au Wote: “Daktari, si kuna mti wa kunirudishia mbegu hata nikiendelea na pombe kidogo?” Anayeuliza kwa kawaida tayari anayo chupa nyumbani. Mna mzizi wa mukombero, unga wa moringa, au tunda la mwatini lililochemshwa, na muuzaji kamhakikishia kwamba “wanasayansi wamethibitisha”.

Tuanze na mwatini, kwa kuwa Mkamba yeyote anajua kazi yake: ndio unaochachushia kaluvu, pombe yetu ya kienyeji. Yaani asubuhi ulevye, jioni utibu ulevi!

Utafiti upo, sikatai. Huko Nigeria dondoo la tunda hilo lilijaribiwa kwa panya ambao korodani zao ziliharibiwa na sisiplatini, dawa ya saratani. Pombe haikuwamo. Mimea mingine, moringa ikiwemo, imejaribiwa kwa panya wanaonyweshwa ethanoli, na wengi wa waliopewa dondoo hukutwa na mbegu nyingi kuliko wenzao. Hapo ndipo muuzaji anapofungia kitabu.

Mimi naendelea kusoma. Katika majaribio mengi panya hupewa dondoo sambamba na pombe, tangu siku ya kwanza. Wewe umekunywa tangu umalize shule. Panya anaweza kupoteza sehemu kubwa mno ya mbegu zake, hata asilimia 90, na bado akazalisha. Mwanamume hana akiba hiyo. Halafu dondoo la maabara hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mwili, na ile chupa ya sokoni ilipimwa kwa kiganja.

“Lakini binamu yangu alipona.” Sawa, alipewa masharti gani? Karibu kila mara: asiguse pombe miezi mitatu. Mbegu huchukua takriban miezi hiyo mitatu kutengenezwa na kukomaa. Kwa hiyo aliacha pombe, korodani zikapata nafasi, na sifa ikaenda kwa mzizi. Mwaka 2010 madaktari wa Ufaransa waliripoti mgonjwa ambaye pombe ilikuwa imemmaliza mbegu kabisa. Aliacha kunywa, na ndani ya miezi mitatu zikarudi. Bila mti wowote.

Hata vidonge vya duka la dawa visikupumbaze. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2020, lenye wanandoa 2,370, liliwapa wanaume zinki na asidi ya foliki kwa miezi sita. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka. Walioongezeka ni wenye kuumwa tumbo.

Na wewe unayekunywa mwarubaini kila wiki “kusafisha damu” huku ukitafuta mtoto: India mti huo umechunguzwa kama njia ya kuzuia mimba, kwani kwa panya hupunguza mbegu. Muuzaji hakukuambia hilo.

Pombe yenyewe haina fumbo. Huumiza seli zinazotengeneza testosteroni, na ini likichakaa homoni za kike hulundikana. Matiti hufura, korodani husinyaa. Ukiwahi kuacha, mengi hurudi. Ukichelewa mpaka korodani zimesinyaa, sikuahidi kitu.

Basi fanya hivi, haraka. Pima manii kabla ukoo haujakaa kikao cha mke wa pili: siku 2 hadi 7 bila kumwaga, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, na majibu yakiwa mabaya rudia. Uliza hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui au Wote. Daktari akupapase: mishipa iliyovimba juu ya korodani hutibika kwa upasuaji. Kisonono cha zamani kitaje, usione haya. Sindano za testosteroni za kujenga misuli acha, huzima mbegu. Sigara pia. Kisha miezi mitatu bila pombe na upime tena. Ila kama mikono hutetemeka usipokunywa asubuhi, usiache ghafla peke yako, unaweza kupata degedege. Nenda hospitali, au piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, ni bure.