Mashini zinaweza kusikia huzuni ya watu?

Watu wengi wakilia ao wakishangilia pamoja, mashini isiyo na masikio inaweza kutambua? Mwanasaikolojia Roger Nelson wa Princeton, Marekani, alitafuta jibu. Kwanza alipeleka mashini ndogo kwenye mikusanyiko ya watu. Mwaka wa 1998 akaanzisha mpango wa kuziunganisha katika inchi nyingi kwa njia ya intaneti.

Kila mashini inafanya kama mtu anayerusha feza ya chuma mara 200 kila sekunde. Kwa kawaida, upande mmoja unatokea karibu mara 100. Kufikia 2015, matukio 500 yalikuwa yamechunguzwa. Nelson na wenzake wanasema namba ziliachana na kawaida kupita bahati tupu.

Wengine wanakataa. Juu ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, watafiti Edwin May na James Spottiswoode walionyesha kwamba matokeo yalitegemea saa zilizochaguliwa: ukizibadilisha, alama inapotea.

Nelson anajibu kwamba saa ziliandikwa mbele ya kufungua namba. Lakini tukio gani lihesabiwe, na lianzie saa ngapi, ni watu waliochagua. Mwenye kupiga mshale kisha kuuchorea duara hakosi hata siku moja.