Jua kilichomuua babu yako, ujikinge

MARA nyingi daktari anapomuuliza mgonjwa kama kwao kuna ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au saratani, hujibiwa, "Sijui, daktari." Baba alifariki mgonjwa akiwa mtoto, nyanya alizikwa mashambani zamani, na waliojua kilichowaua nao wameshatangulia.

Jibu hilo laweza kukugharimu, msomaji. Baadhi ya maradhi hufuata damu. Ikiwa baba au ndugu yako wa kiume alipatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya kutimiza miaka 55, au mama au dada yako kabla ya miaka 65, wewe pia umo katika hatari zaidi. Ikiwa mzazi wako aliugua saratani ya utumbo mkubwa, hushauriwa uanze kupimwa ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliokuwa nao alipogunduliwa, kutegemea ni lipi litakalotangulia.

Habari hizi hazijapotea zote. Anza nyumbani. Fungua lile sanduku la mama na utafute cheti cha kifo, kibali cha mazishi, kadi za kliniki na karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitalini. Usitupe kijitabu cha ratiba ya mazishi. Ule wasifu wa marehemu unaosomwa kaburini mara nyingi husema alianza kuugua lini, alitibiwa wapi na alikuwa akitumia dawa za nini.

Kisha nenda katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Kumbuka kuwa kifo husajiliwa mahali kilipotokea, wala si mahali pa mazishi. Aliyefia Nairobi akazikwa Siaya, rekodi yake itafute Nairobi. Beba majina yake kamili, mwaka na mahali alipofia, pamoja na nambari ya kitambulisho chake ikiwa unayo.

Sheria ya usajili ilianza kutumika mwaka wa 1928, lakini ilienezwa hatua kwa hatua, na ni mwaka wa 1971 ilipofikia nchi nzima. Kwa hivyo, ikiwa babu alifia nyumbani miaka ya hamsini, huenda usipate cheti. Jaribu kitabu cha mazishi cha kanisa lake, au uwaulize wazee wa msikiti. Hata ukipata tarehe na umri pekee, tayari umepata jambo la maana.

Ukishapata cheti, kisome kwa makini. "Moyo kusimama" si jibu, kwa kuwa moyo wa kila anayekufa husimama. Daktari hutakiwa kuandika mfululizo: kilichomuua mwishoni, kilichosababisha hicho, na chanzo chenyewe chini kabisa. Chanzo hicho ndicho unachokitafuta.

Angalia pia ni nani aliyetoa habari. Mtu anapofia nyumbani, naibu wa chifu huandika yale anayoelezwa na jamaa. "Homa" au "malaria" katika karatasi ya namna hiyo yaweza kuwa ugonjwa mwingine kabisa.

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 40 ambaye baba yake alianguka ghafla na kufariki akiwa na miaka 48. Nyumbani husemwa kwamba alirogwa na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Lakini cheti chasema alivuja damu ubongoni, na chini yake pameandikwa shinikizo la damu. Karatasi hiyo yamwambia mwana akapimwe leo, hata kama hahisi lolote, kwa maana shinikizo la damu huweza kukaa miaka mingi bila dalili. Vilevile yamwondolea jirani lawama.

Usiwasahau watoto waliofariki wachanga. Ikiwa ndugu zako walikuwa wakiishiwa damu na kulia kwa maumivu ya mifupa, hasa katika jamii za Nyanza, Magharibi na Pwani, uliza kuhusu ugonjwa wa selimundu kabla hujapata mtoto wako.

Si kila ugonjwa ulioandikwa hurithiwa. Kifua kikuu huambukizwa, wala hakirithiwi. Pia kuna mambo ambayo familia ilikubaliana kuyanyamazia. Ukiyakuta, mwambie daktari wako faraghani; usiyafanye kuwa mazungumzo ya matangani. Na kuwa na ugonjwa katika ukoo si hukumu ya kifo. Ni sababu ya kupimwa mapema, kupunguza chumvi, kuacha sigara na kufanya mazoezi.

Familia itakapokutana tena, kaa na shangazi au mjomba aliye mkubwa kuliko wote. Chukua daftari, uandike wazazi wako, ndugu zako, na babu na nyanya wa pande zote mbili. Kwa kila mmoja andika mambo matatu: ugonjwa aliokuwa nao, umri alipoanza kuugua, na umri alipofariki. Palipo na shaka, weka alama ya kuuliza. Ukienda hospitalini, libebe daftari hilo, kisha watoto wako wakikua uwakabidhi.